Mbio za kutua mwezini: Vyombo vinaanguka wapi, na Rwanda ilitia saini nini?

KWA hesabu yangu, tangu Januari 2019 hadi Juni 2025 vyombo 13 visivyo na binadamu ndani yake viliteremka kwenda kutua mwezini. Vitano vilitua vikasimama sawasawa. Vitatu vilifika vikiwa hai lakini vikaangukia ubavu au pua. Vitano vingine viligonga ardhi na kuvunjika. Kati ya vile vilivyosimama, vitatu ni vya China, kimoja cha India na kimoja cha kampuni binafsi ya Marekani.

Msomaji ana haki ya kushangaa. Chombo cha Kisovieti, Luna 9, kilitua mwezini Februari 3, 1966 na kutuma picha. Miezi minne baadaye Wamarekani wakatua na Surveyor 1. Wakati huo kompyuta ilikuwa na ukubwa wa kabati, na leo simu iliyo mfukoni mwa dereva wa pikipiki hapa Kigali ina uwezo unaozishinda zile zote. Sasa inakuwaje mataifa makubwa na kampuni zenye mamilioni ya dola zinafika mwezini na kuanguka kama gunia la viazi?

Nimelifuatilia suala hili kwa miaka kadhaa, na naona magazeti yetu mengi huliandika kama habari za mashindano ya mpira: huyu kashinda, yule kafungwa. Yanayofanyika ndani, yaani namna mashine hizi zinavyobuniwa na kwa nini zinakosea, huachwa. Na humo ndimo mna jambo linaloihusu nchi yetu moja kwa moja, kwa sababu Rwanda iliweka saini yake kwenye makubaliano ya mambo haya mwezi Desemba 2022.

Kwanza tuanze na ugumu wenyewe. Mwezi hauna hewa. Chombo kinachorudi duniani hupunguzwa kasi na hewa, kisha kikafungua mwavuli. Mwezini mwavuli ni kitambaa tu, hauna cha kushika. Chombo kinachozunguka karibu na mwezi huenda kwa kasi ya kilomita 1.7 hivi kwa kila sekunde moja, na kasi yote hiyo lazima iuawe na injini, kwa mafuta kiliyoyabeba kutoka nyumbani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya uzito wa chombo cha kutua ni mafuta. Kila kilo ya kamera au kifaa cha utafiti unayoongeza inadai mafuta zaidi ya kuibeba na ya kuisimamisha.

Pili, hakuna rubani. Mawimbi ya redio huchukua zaidi ya sekunde moja kufika mwezini, na muda huo huo kurudi. Kwa chombo kinachoteremka hiyo ni dahari. Mirihi ni mbali zaidi, mawimbi huchukua dakika kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 20. Kwa hiyo wahandisi walio duniani hawaendeshi chochote katika dakika zile za mwisho. Wanakaa mbele ya skrini kama sisi tunavyokaa mbele ya televisheni. Maamuzi yote yamekwisha kuandikwa ndani ya programu ya kompyuta miezi au miaka kabla.

Hapo ndipo ilipo kazi ya kubuni chombo cha kutua: kukaa mezani na kuiwazia mashine kila balaa linaloweza kuikuta, halafu kuiandikia la kufanya.

Nikiziangalia ajali hizi moja baada ya nyingine, naona nyingi zinafanana katika jambo moja. Si injini kulipuka wala chuma kukatika. Ni mashine kudanganyika kuhusu mahali ardhi ilipo.

Chukua mfano wa Hakuto-R, chombo cha kampuni ya Kijapani iitwayo ispace, kilichojaribu kutua Aprili 2023. Kilikuwa kinapita juu ya ukingo wa bonde kubwa la duara, yale mashimo yanayoitwa kreta. Kilipovuka ukingo, kipimo cha mwinuko kilionyesha kwamba ardhi imeshuka ghafla kwa kilomita tatu. Kipimo kilikuwa kinasema kweli. Lakini programu iliandikwa kuwa mabadiliko makubwa namna hiyo maana yake kipimo kimeharibika, basi ikakipuuza na kuendelea na hesabu zake yenyewe. Chombo kikafika mahali kinapoamini ndipo ardhi, kikawa kinaelea taratibu kikisubiri kugusa. Ukweli ni kwamba kilikuwa kilomita tano angani. Mafuta yakaisha, kikaanguka. Ndani yake kulikuwa na kigari kidogo kiitwacho Rashid, kazi ya kituo cha anga cha Dubai, kikapotea pamoja nacho.

Kinachonisikitisha zaidi ni sababu iliyo nyuma ya sababu. Mahali pa kutua palikuwa pamebadilishwa baada ya usanifu kukaguliwa na kupitishwa mwaka 2021. Majaribio ya programu hayakutosha kuihesabu ile njia mpya inayovuka ukingo mrefu. Mtu aliyewahi kujenga nyumba ataelewa: ramani ilichorwa kwa kiwanja kimoja, nyumba ikajengwa kwenye kingine.

Kabla ya hapo, Oktoba 2016, chombo cha Ulaya kiitwacho Schiaparelli kiliteremka kwenye anga ya Mirihi. Mwavuli ulipofunguka kiliyumba sana, na kifaa kinachopima mzunguko wa mwili wake kikafika mwisho wa kipimo na kukwama hapo kwa takriban sekunde moja. Sekunde hiyo ilitosha. Kompyuta ilijumlisha hesabu na kupata kwamba chombo kiko chini ya uso wa ardhi. Ikaachia mwavuli, ikawasha injini kwa sekunde tatu tu, ikazizima na kuanza kuwasha vifaa vya kazi kama kwamba imekwishafika. Ilikuwa bado kilomita 3.7 juu. Hakuna binadamu ambaye angeamini kwamba yuko chini ya ardhi huku anaona mawingu, lakini hakuna aliyeiambia mashine kwamba jibu la namna hiyo haliwezekani.

Cha Wamarekani kilichopotea Mirihi Desemba 1999, Mars Polar Lander, kinaelezwa kwamba huenda kilikufa kwa kosa la jamaa hiyo hiyo. Miguu ilipokunjuka kwa kishindo, vihisi vya miguuni vikatoa ishara kana kwamba vimegusa ardhi, na injini zikazimwa kikiwa kama mita 40 juu. Kampuni ya ispace yenyewe ilirudi tena Juni 2025 na chombo kingine, Resilience. Safari hii kipimo cha leza kilichelewa kutoa jibu la kuaminika, chombo hakikupunguza kasi vya kutosha, kikagonga ardhi. Pamoja nacho ilipotea kazi ya msanii wa Sweden, kinyumba kidogo chekundu alichotaka kisimame mwezini.

Warusi nao yaliwakuta. Luna-25, chombo chao cha kwanza kwenda kutua mwezini tangu Luna-24 ya mwaka 1976, kilipotea Agosti 19, 2023 hata kabla ya kuanza kuteremka. Injini iliyotakiwa kuwaka kwa sekunde 84 iliwaka sekunde 127, kwa kuwa kifaa cha kupima mabadiliko ya kasi hakikuwa kimewashwa, hivyo hapakuwa na wa kuiambia injini kwamba inatosha. Ilikuwa ikitegemea saa peke yake.

Siku nne baadaye India ikatua.

Siku hiyo, Agosti 23, 2023, nilikuwa Nyamirambo kwenye duka la vipuri la mzee mmoja mwenye asili ya Gujarat ambaye Kiswahili chake kinanishinda mimi. Ilikuwa saa 8:34 mchana kwa saa zetu. Wateja waliacha kuulizia breki na plagi, tukasimama wote mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo la oili. Chombo kilipogusa ardhi yule mzee hakushangilia. Alivua miwani, akaifuta, akaniuliza: "Mwandishi, wale wa kwanza walikosea wapi?" Nilimjibu kwa kifupi mno siku ile. Jibu refu ndilo hili.

Wale wa kwanza ni wale wa Chandrayaan-2. Chombo chao kiitwacho Vikram kiliteremka usiku wa kuamkia Septemba 7, 2019, Waziri Mkuu Narendra Modi akiwa ukumbini. Mawasiliano yakakatika. Picha iliyozunguka dunia ni ya Modi akimkumbatia aliyekuwa mwenyekiti wa shirika la anga la India, ISRO, K. Sivan, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka. Mabaki yalikuja kupatikana baadaye kwa msaada wa mhandisi mmoja wa Chennai asiye mtumishi wa ISRO, aliyekaa usiku kwa usiku akilinganisha picha za setelaiti ya Marekani za kabla na baada ya ajali.

Mwenyekiti aliyefuata, S. Somanath, alieleza hadharani kilichotokea. Injini tano za chombo zilitoa nguvu kubwa kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini kulikuwa na kipindi ambacho chombo kilitakiwa kutulia ili kamera zipige picha, hivyo makosa hayakurekebishwa pale pale, yakawa yanajikusanya. Kilipoanza kujirekebisha kilihitaji kugeuka haraka, na programu ilikuwa imewekewa mpaka wa kasi ya kugeuka. Juu ya yote hayo, mahali pa kutua palikuwa kieneo cha mita 500 kwa mita 500. Chombo kililazimika kukifikia, kwa hiyo kikaongeza mwendo kukifukuza huku kikiwa tayari karibu na ardhi. Yaani kilishindwa kupunguza mwendo kwa sababu kiliamriwa kuwahi.

Hili la eneo naliona kubwa kuliko yote. Kieneo kidogo kinaonekana kama ustadi: tutatua hapa hapa, pasipo kukosea. Kumbe ni mzigo unaomtwika mtekelezaji bila ulazima. Kwa Chandrayaan-3 eneo likapanuliwa kuwa kama kilomita 4 kwa zaidi ya kilomita 2, chombo kikaruhusiwa kutua popote palipo salama ndani yake.

Mabadiliko mengine yalikuwa ya aina hiyo hiyo. Mafuta yaliongezwa. Miguu iliimarishwa iweze kustahimili kugonga kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde badala ya mita 2. Injini ya katikati ikaondolewa, zikabaki nne. Paneli za sola ziliwekwa pande zaidi ili hata kikitua kikiwa kimegeukia upande usiotarajiwa kipate umeme. Kikafungwa kipimo kipya cha leza cha kupima mwendo kwa kulinganisha na ardhi. Vihisi vilining'inizwa kwenye helikopta na kurushwa juu ya mashimo ya kuchimbwa huko Karnataka ili vizoee sura ya mwezi.

Somanath alisema tofauti kubwa ilikuwa ya fikra. Safari ya kwanza ilibuniwa kwa kufikiria kufaulu. Ya pili ilibuniwa kwa kufikiria kushindwa: kihisi kikifa itakuwaje, injini ikigoma itakuwaje, hesabu zikikosea itakuwaje, na hata hivyo chombo kitue. Mtu anaweza kudhani ni maneno ya kupamba mkutano na waandishi wa habari. Lakini ukiangalia orodha ya mabadiliko utaona kila moja ni jibu la swali la namna hiyo, na hakuna hata moja lililowekwa ili chombo kionekane cha kisasa zaidi.

Kuna jambo la gharama ambalo limepotoshwa sana. Ilisemwa kila mahali kwamba Chandrayaan-3 iligharimu rupia bilioni 6.15, kama dola milioni 75, kiasi kisichotosha hata kutengeneza filamu moja kubwa ya Hollywood. Baadhi ya wanasiasa wa bara letu walilidaka hilo wakasema basi na sisi tunaweza. Hawasemi kwamba chombo hicho hakikuhitaji setelaiti mpya ya utafiti ya kuzunguka mwezi kwa kuwa ile ya Chandrayaan-2 bado ilikuwa inafanya kazi na kupokea mawasiliano. Hawasemi pia kwamba safari ya kwanza, iliyogharimu rupia bilioni 9.78, ndiyo iliyolipia masomo. Bei halisi ya kutua ni zote mbili, pamoja na miaka zaidi ya 50 ya kulea wahandisi. Bei ya safari moja peke yake haimwambii mtu chochote.

Marekani nayo imechagua njia yake ya urahisi, na hapa nina mashaka nayo kidogo. Tangu 2018 shirika lao la NASA halijengi tena lenyewe vyombo vidogo vya mwezini. Linanunua nafasi kwa kampuni binafsi, kama mtu anayelipia mzigo wake kwenye lori. Lengo ni safari nyingi za bei ndogo, zingine zikianguka poa. Walilinganisha na mpira: piga mashuti mengi golini, mengine yataingia.

Matokeo? Peregrine, cha kampuni ya Astrobotic, kilirushwa Januari 2024, kikavuja mafuta saa chache tu baadaye na hakikufika hata kujaribu kutua. Februari 22 mwaka huo Odysseus cha kampuni ya Intuitive Machines kikatua karibu na ncha ya kusini, chombo cha kwanza cha Marekani kutua mwezini tangu Apollo 17 mwaka 1972 na cha kwanza kabisa cha kampuni binafsi. Lakini kikalala. Kwa nini? Vipimo vyake vya leza havikuwaka, kwa kuwa swichi ya usalama iliyotakiwa kufunguliwa kwa mkono kabla ya kuruka haikufunguliwa. Jambo hilo liligunduliwa kikiwa tayari kwenye mwezi. Kikateremka kwa kukisia kwa kamera, kikagusa kwa mwendo mkali, mguu ukavunjika.

Tena kilikuwa kirefu, zaidi ya mita 4. Mwaka uliofuata, Machi 6, 2025, kampuni hiyo hiyo ikapeleka Athena, chenye umbo lile lile refu, na matatizo ya kipimo cha leza yakajitokeza tena, na chombo kikalala tena, safari hii ndani ya shimo lenye kivuli. Kilidumu kama siku moja. Siku nne kabla, Machi 2, kampuni nyingine ya Marekani, Firefly, ilikuwa imetua na Blue Ghost, chombo kifupi na kipana, mita 2 kwenda juu na mita 3.5 kwenda upande. Kikasimama kama meza na kufanya kazi mchana mzima wa mwezi, ambao ni siku 14 za duniani.

Sisemi urefu peke yake ndio uliowaponza. Wahusika wenyewe walitetea umbo lao, wakisema uzito mwingi uko chini. Pia Blue Ghost kilitua uwanda mpana, na Athena kilikwenda kwenye milima ya kusini ambako jua liko chini mno hata kijiwe kidogo kina kivuli kirefu cha kuichanganya kamera. Hata hivyo anayebeba ndoo kichwani kwenye mteremko anajua kwa nini ngazi hairuhusiwi kuyumba.

Wajapani wa shirika la serikali, JAXA, walikuja na wazo ambalo mimi lilinifurahisha: kama kuanguka ni hatari, basi panga kuanguka. Chombo chao SLIM kilibuniwa kigonge ardhi kwa mguu wa nyuma kisha kilale ubavu kwa makusudi kwenye mteremko. Januari 20, 2024, kwa saa za kwao, kilitua mita 55 tu kutoka mahali palipokusudiwa. Bahati mbaya kikiwa kama mita 50 juu ya ardhi kilipoteza mdomo wa moja ya injini zake mbili, kikaishia kusimama kwa pua, paneli za sola zikielekea magharibi. Jua lilipozunguka upande huo kikaamka. Picha ya chombo kikiwa kichwa chini ilipigwa na kiroboti cha ukubwa wa mpira wa tenisi, kilichobuniwa kwa kushirikiana na kampuni ya vitu vya kuchezea watoto. Kisichotarajiwa ni kwamba SLIM kilivumilia usiku wa mwezi zaidi ya mara moja, wakati hakikujengwa kwa ajili hiyo. Usiku huo ni wa majuma mawili na baridi inayopita nyuzi 150 chini ya sifuri. Betri nyingi hufa hapo, kama zilivyokufa za Vikram.

Wachina hawazungumzi sana. Chang'e-4 ilitua upande wa nyuma wa mwezi Januari 3, 2019, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya. Chang'e-5 ilichukua udongo mwaka 2020, gramu 1,731. Chang'e-6 ikachukua gramu 1,935 kutoka upande wa nyuma mwaka 2024. Tangu Chang'e-3 ya mwaka 2013 hawajaangusha hata kimoja. Mtindo wao ni kusimama angani kama mita 100 kutoka chini, chombo kikatazama ardhi, kikachagua mahali pasipo na mawe, kisha kikashuka wima. Mtindo huo unakula mafuta, lakini walikubali gharama hiyo tangu mwanzo na wakaurudia kwenye chombo kimoja baada ya kingine, badala ya kila mara kuanza na umbo jipya. Kwa maoni yangu marudio hayo ndiyo siri yao.

Sasa nirudi nyumbani. Yapo maswali kwamba haya yanatuhusu nini sisi ambao tuna setelaiti ndogo tu.

Afrika Mashariki haikuanza jana kwenye mambo haya. Desemba 12, 1970, siku ya Uhuru wa Kenya, setelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Bahari ilikuwa ya Kenya, jukwaa la Italia, roketi ya Marekani. Shirika la anga la Italia ambalo bado lina kituo Malindi ndilo lililoshirikiana na NASA kuweka ndani ya Blue Ghost kipokezi kilichodaka mawimbi ya setelaiti za kuonyesha njia, zile zile zinazotumiwa na simu zetu, kikiwa juu ya mwezi. Kwa hiyo majirani ni wenyeji wa shughuli hizi, ingawa wenyeji wa kutoa mahali.

Kwa upande wetu, Desemba 13, 2022 mjini Washington, Rwanda na Nigeria zilikuwa nchi za kwanza za Afrika kutia saini Makubaliano ya Artemis yaliyoanzishwa na Marekani. India ilifuata Juni 2023, miezi miwili tu kabla ya kutua. Afrika Kusini na Misri zikajiunga na mpango wa kituo cha mwezini unaoongozwa na China na Urusi. Habari hizo ziliandikwa hapa kama sherehe, picha ya kupeana mikono, basi.

Ndani ya makubaliano hayo kuna kifungu kinachozungumzia maeneo ya usalama. Maana yake, mwenye chombo mwezini anaweza kutangaza eneo linalomzunguka, na wengine wakatakiwa kutoa taarifa na kushauriana kabla ya kufanya shughuli zinazoweza kumdhuru. Wakosoaji wanasema huko ni kugawana mwezi kwa mlango wa nyuma, wakati mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha. Watetezi wanasema bila utaratibu huo vyombo vitaharibiana.

Hapa ndipo ufundi na siasa vinapokutana, na ndiyo maana nimewachosha wasomaji kwa habari za injini na miguu. Hoja ya watetezi si ya kubuni. Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 walitua kama mita 160 kutoka kwa Surveyor 3, chombo kilichokuwa hapo tangu Aprili 1967. Walipokata vipande vyake na kuvirudisha duniani, ilionekana vumbi lililopeperushwa na injini yao lilikuwa limekikwangua kama msasa. Mwezini hakuna hewa ya kulipunguza vumbi mwendo, linakwenda mbali kama risasi. ISRO walipima picha na kusema Vikram cha mwaka 2023, ambacho si kikubwa, kilipeperusha takriban tani 2.06 za udongo kwenye eneo la mita za mraba 108.4. Blue Ghost kilibeba kamera maalumu za kulipiga picha vumbi hilo wakati kinatua. Vyombo vya kupeleka watu vitakuwa vikubwa mara nyingi zaidi ya hivyo.

Na wote wanakwenda sehemu moja. Ncha ya kusini ina mashimo ambayo hayajawahi kuona jua, yanayoaminika kuwa na barafu, na barafu ni maji ya kunywa, hewa ya kuvuta na mafuta ya roketi. Vilima vyenye mwanga wa kutosha kando ya mashimo hayo si vingi. Huko kwetu milimani tunajua mpaka wa shamba unavyoweza kutenganisha ndugu wa tumbo moja, na hapo kila mmoja ana hati. Kule hakuna mwenye hati, kuna aliyetangulia kutua.

Kwa hiyo uwezo wa kutua salama utaamua nani atangaze eneo lake kwanza na wapi. Nchi isiyotua itabaki na kalamu yake tu. Na kalamu hiyo ina kazi, kwa sababu makubaliano yenyewe yanasema ukubwa wa eneo la usalama upangwe kwa misingi ya kisayansi, ubadilike kadiri hali inavyobadilika, na hayataji idadi yoyote ya mita. Nchi zilizotia saini zimeahidi kuendelea kushauriana juu ya namna ya kulitekeleza hilo. Rwanda ni mojawapo na ina haki ya kuzungumza mezani sawa na Japani au India, ingawa makubaliano haya ni ahadi ya kisiasa na si sheria ya kumpeleka mtu mahakamani.

Ningependa wabunge wetu waliulize shirika letu la anga maswali machache ya kawaida. Je, kuna mtu wetu anayehudhuria mashauriano hayo, na amesoma nini kuhusu vumbi la kutua? Msimamo wetu ni kwamba eneo la usalama liwe mita 200 au kilomita 2? Chombo kikilala na kufa baada ya siku moja, kama Athena, eneo lake la usalama linakufa nacho au linabaki? Na Afrika Kusini iliyo upande wa pili, tumewahi kuketi nayo tukalinganisha maandishi ya pande zote mbili kabla vyombo vyao havijakutana kwenye kilima kimoja?